Kabureta Tatu na Sikio la Mzee Gakuo

Nyinyi vijana mnaoleta magari yenu Buruburu na simu mkononi, simu inayowatajia ugonjwa wa injini kabla hamjafungua boneti, msidhani nawaonea wivu. Nawahurumia kidogo tu. Hamjawahi kuinama juu ya silinda sita zinazonguruma, mpira wa maji mmeutia sikioni, mkisikiliza hewa ikivutwa kama mtu anayekunywa uji wa moto. Mmeniuliza mara nyingi kuhusu lile gari la saluni lililo kwenye picha ukutani mwangu, na kila mara nimewaambia kesho. Basi leo kaeni. Mwenye haraka aende, atasimuliwa na wenzake.

Naitwa Wekesa. Nimekuwa fundi wa injini kwa miaka arobaini na zaidi, karibu yote katika gereji moja ya mabati ukingoni mwa Shauri Moyo. Mwenye gereji alikuwa Mzee Gakuo, mtu mfupi wa Murang'a aliyevaa ovaroli iliyopigwa pasi mpaka kwenye mfuko wa kalamu. Kabla ya kufungua gereji yake alikuwa fundi katika gereji kubwa ya mjini, na watu wenye magari ya mbio walikuwa wakimngoja yeye hata kama mafundi wengine wamekaa bure. Hakuwa mtu wa kelele. Ukikosea, alikuwa akikunyang'anya spana, anaiosha kwa petroli, anaikausha kwa kitambaa, kisha anakurudishia bila neno. Siku yangu ya kwanza spana yangu ilioshwa mara kumi na moja. Haikuwahi kuwa safi vile tena.

Gari lenyewe nililipata Njiru, enzi Njiru ikiwa machimbo ya mawe na mbuzi. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho. Mwanamume mmoja aliyesimamia machimbo alikuwa na lori lililokufa injini, nami nikaenda huko Jumamosi nyingi kulifufua. Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na saluni ya milango minne, rangi ya chai yenye maziwa mengi, imekaa juu ya matofali. Iliachwa na mpima ardhi aliyerudi kwao. Kuku walikuwa wamehamia ndani. Niliwafukuza nikafungua boneti ili nione tu, kama mtu anavyochungulia harusi ya watu asiowajua, na hapo ndipo nilipoziona. Silinda sita kwa mstari mmoja. Na ubavuni, chini ya vumbi la miaka mitatu, kabureta tatu.

Wengi wenu hamjawahi kuona hata kabureta moja, kwa hiyo nieleze. Kabureta ni kile chombo kilichochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Gari la kawaida lilikuwa na moja, na hiyo moja ilitosha kumsumbua fundi. Gari lenye tatu lilikuwa limetengenezwa na watu waliotaka mwendo na hawakujali usingizi wa fundi. Kila kabureta ililisha silinda mbili. Zikipumua pamoja, ulikuwa umekaa juu ya kitu kinachotaka kuruka. Moja ikipumua peke yake, ulikuwa na fujo.

Lori lilipowaka, yule msimamizi aliniuliza nataka malipo gani. Nilimwonyesha saluni. Alicheka mpaka akaketi chini, akanipa na jeki.

Tulilivuta kwa lori lake hadi Jericho, nilikokuwa naishi na mke wangu Truphena. Nililiegesha nje ya mlango, na Truphena, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na mtu asiyeshangaa upesi, akalizunguka mara mbili akiwa amekunja mikono. Kisha akainua kiti cha nyuma, akatoa mayai manne.

"Baba Simiyu," akaniita kwa jina la mtoto wetu, "angalau limekuja na chakula chake."

Tuliyajaribu majini. Mawili yalikuwa mazima, na tukayala. Harufu ya kuku ilikaa ndani ya gari mwaka mzima, na siku za mvua ungedhani unaendesha banda.

Ilinichukua miezi minne kuliwasha. Tulifanya kazi hiyo mimi na Mzee Gakuo, baada ya magari ya wateja kuondoka. Nilidhani ananisaidia kwa hisani, mpaka nilipomwona akipangusa kabureta ya katikati kwa mswaki wa meno huku akiimba kwa sauti ya chini. Magari aliyorekebisha siku hizo yalikuwa ya kubeba mboga na mikate. Tangu aondoke mjini hakuwa amegusa kitu cha mbio.

Siku ya kwanza kuliwasha mbele ya majirani nilikuwa na haraka ya sifa, nikachanganya waya za plagi, zile zinazopeleka cheche kwenye silinda. Silinda sita haziwaki kwa kufuatana moja mpaka sita. Zina mpangilio wake, na mimi niliuzungusha. Nilipowasha, gari lilitoa mlio mmoja kupitia bomba la moshi ambao sijausikia tena hadi leo. Nyumba ya tatu kulikuwa na sherehe ya uchumba. Wageni walilala chini wote. Mjomba wa msichana alipatikana chini ya meza akiwa ameikumbatia keki, na alipoinuka aliendelea kuishikilia kwa muda kama mtoto aliyeokolewa motoni. Nilikwenda kuomba radhi nikiwa na masizi mpaka kwenye meno.

Kesho yake Mzee Gakuo alichukua chaki akaniandikia ukutani: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Nikaukariri mpangilio huo nikitembea, nikila, nikinyoa ndevu. Truphena akaushika kabla yangu. Watoto wa mtaani wakausikia kwetu wakaugeuza wimbo wa kuruka kamba, na ungepita Jericho jioni ungesikia wasichana wa miaka minane wakiimba jinsi injini inavyowaka, bila kukosea, huku mimi fundi bado natumia vidole.

Basi likawaka vizuri. Jamani. Nikiwaambia furaha ile mtadhani nazidisha. Barabara ya Jogoo asubuhi ya Jumapili ilikuwa tupu kuliko mnavyoweza kuamini. Ukiwa gia ya tatu ukakanyaga mafuta, kwanza kulikuwa na kimya kidogo, kama mtu anavuta pumzi, halafu kabureta tatu zikafunguka pamoja na kiti kikakusukuma mgongoni. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nilikuwa naenda Makadara kununua sukari kupitia Donholm, upande mwingine kabisa. Watoto waliliita gari hilo Mama Mkwe, kwa sababu likianza kusema kila mtu huketi vizuri.

Lakini gari kuukuu lenye nguvu linataka akili nyingine, na hili mlishike hata kwa magari yenu. Nguvu ni joto, na joto halina pa kwenda rejeta ikiwa imezeeka. Jumapili moja tulikuwa tunaenda kanisani, jua kali, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Mzee alikuwa amenifundisha: injini ikichemka na huwezi kusimama, washa hita ya ndani, kwa sababu hita huchukua joto la injini na kuwaletea nyinyi. Nikaiwasha. Mshale ukashuka polepole, na sisi tukaiva. Truphena alikuwa ameamka mapema kunyoosha nywele kwa kitana cha moto. Tulipofika kanisani, nywele zilikuwa zimerudi zilikotoka, suti yangu imeganda mgongoni, na mzee wa kanisa aliyetupokea mlangoni alituuliza kwa upole kama tumetoka kubatizwa. Truphena hakunisemesha hadi Jumanne. Jumatano akaniambia nimfundishe kuendesha.

Nilimpeleka kwenye uwanda mtupu kule Njiru. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumtuliza akiogopa. Hayakuhitajika. Truphena alikuwa akiimba sauti ya tatu kwenye kwaya tangu utotoni, na sikio lake lilikuwa kali kama la popo. Mimi nilibadilisha gia kwa kutazama mshale. Yeye alisikiliza tu. Akiteremka kutoka gia ya tatu hadi ya pili, alikuwa anakanyaga mafuta kidogo katikati, sauti ya injini ikapanda mpaka ikalingana na mwendo, kisha gia ikaingia kimya kama kijiko kwenye uji. Sikuwa nimemfundisha hilo. Ni jambo ambalo mimi lilinichukua miaka miwili. Baada ya mwezi mmoja nilikubali moyoni kwamba ananipita, na baada ya miezi mitatu nililisema kwa mdomo.

Sasa nifike kwenye lile jambo lililonifanya nikubali kuwasimulia.

Kusawazisha kabureta tatu, Mzee Gakuo alitumia kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono. Ncha moja aliiweka kwenye mdomo wa kabureta, nyingine sikioni, akasikiliza hewa ikipita. Kabureta ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha anarudi. Alikuwa anazungusha skrubu robo ya robo mpaka sauti zote tatu ziwe moja. Kisha tuliendesha gari kidogo, tukatoa plagi na kutazama rangi. Plagi ikiwa nyeusi, petroli ni nyingi. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo na hatari iko njiani, kwa sababu injini yenye njaa huungua. Rangi nzuri ni ya biskuti. Plagi za Mzee Gakuo zilitoka rangi ya biskuti zote sita, kila mara, bila kurudia.

Mwezi wa tatu, katika mwaka wetu wa pili na gari lile, alilisawazisha, nikalipeleka nyumbani, na nikahisi limekuwa zito kidogo upande wa nyuma wa injini. Nikatoa plagi. Ya tano na ya sita zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Nilijiambia ni vumbi kwenye skrubu. Wiki iliyofuata, gari la mwokaji mikate likarudi, linakohoa. Baadaye pikapu ya mwuza maziwa. Ndipo nikaanza kumtazama Mzee. Alikuwa anaubadilisha mpira kutoka sikio la kulia kwenda la kushoto, halafu anarudisha kulia. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, hakugeuka.

Mngefanya nini? Mimi nilifanya lile lililoonekana kuwa la heshima. Nilinyamaza. Akimaliza gari la mteja na kuingia ndani kunawa mikono, nilichukua bisibisi, nikalirekebisha upesi kabla hajatoka. Wateja wakarudi kumshukuru. Mzee akasimama wima zaidi. Nami nikajiona mtu mwema sana.

Nilipomweleza Truphena, hakunisifu. Aliniambia nimemwibia mzee wa watu habari zake mwenyewe. Kwamba mtu anayepoteza kitu ana haki ya kujua anakipoteza, na anayeficha hivyo anajihurumia yeye mwenyewe ili asione uso wa mwenzake. Nilikasirika, kwa sababu hayo maneno yalinikaa sawasawa. Bado sikusema.

Mwaka huo kikundi fulani cha wapenda magari kiliandaa mashindano madogo ya kupanda kilima, mbali kidogo na Njiru, kwenye barabara ya vumbi iliyokuwa imechongwa kwa ajili ya malori ya mawe. Gari moja moja, kutoka chini hadi juu, saa inapima. Kulikuwa na kundi la saluni kuukuu. Mzee Gakuo aliposikia, akaandikisha gari letu kabla hajaniuliza, na akamlipa mchoraji wa mabango aandike jina la gereji mlangoni. Nilijua sababu. Maneno yalikuwa yanazunguka Shauri Moyo kwamba mzee amechoka, na wateja wawili wa siku nyingi walikuwa wamehama. Alitaka watu waone. Kuhusu dereva, hakuna aliyebishana. Mzee alisema Mwalimu Truphena ndiye atakayeendesha, Wekesa akae pembeni atulie.

Asubuhi ya mashindano nusu ya mtaa ilikuja, kwa baiskeli na kwa miguu, wengine juu ya lori la mwokaji mikate. Mzee alivaa ovaroli mpya. Tulipofika chini ya kilima akafungua boneti mbele ya watu wote, akatoa mpira wake mfukoni, akaanza kusawazisha kabureta. Watu wakanyamaza kama kwa daktari. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akazungusha skrubu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafunga boneti. Makofi yakapigwa.

Nilisikia kosa nikiwa hatua tano. Kabureta ya nyuma ilikuwa na njaa. Kwa safari ya kununua sukari isingedhuru. Kwa kilima kile, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, pistoni mbili zingetoboka na injini ya gari lile isingepatikana tena Kenya nzima. Hakukuwa na kunawa mikono safari hii. Hakukuwa na nafasi ya kupenya na bisibisi. Ningesema, ningemwaibisha mbele ya watu aliotaka wamwone. Nisiposema, aibu ingekuwa hiyo hiyo, na moshi juu yake.

Truphena alikuwa amekaa kwenye usukani. Akakanyaga mafuta mara moja, akaachia. Akakanyaga tena. Kisha akazima injini, akatoka, akamwendea Mzee Gakuo karibu sana ili maneno yasifike kwa watu.

"Mzee, nisamehe," akamwambia. "Gari hili siliendeshi hivi. Silinda za nyuma hazijashiba."

Mzee akamtazama. Kisha akanigeukia mimi.

"Wekesa. Ni kweli?"

Nikasema ni kweli.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu, Mzee."

Alihesabu. Nilimwona akihesabu, mteja baada ya mteja, mwokaji mikate, mwuza maziwa, wote waliorudi kumshika mkono. Alikaa juu ya gurudumu la akiba lililokuwa chini hapo.

"Kwa hiyo wale walikuwa wanakushukuru wewe," akasema.

Nimewahi kuangukiwa mguuni na gia boksi, na nawaambia ile ilikuwa nafuu. Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia nilikosea. Kwamba nilidhani namstahi. Alichukua bisibisi ndefu iliyokuwa kwenye sanduku langu, ile ya kusikilizia bearingi, pete za chuma zinazobeba mhimili wa injini, kwa sababu mikono yake haikujua kukaa bure. Kila fundi anaujua mchezo ule: unaweka ncha ya chuma kwenye injini, unabana mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, na ukisikia mgongano ndani unajua bearingi imekwisha. Mzee aliitazama ile bisibisi kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akafungua boneti, akamwambia Truphena awashe.

Akaweka ncha kwenye mwili wa kabureta ya kwanza, mpini akaubana nyuma ya sikio la kulia. Akafumba macho.

Sijui niwaelezeeje uso ule. Kwanza ulikunjamana, kama anayesikia jina lake kwa mbali. Halafu ukafunguka wote kwa mara moja. Akahamia ya pili, akarudi ya kwanza, akaenda ya tatu, na hapo akatoa sauti ya kukemea, "Aah, wewe," akiisemesha kabureta kama mtoto mtundu. Alikuwa anasikia. Daktari alikuja kumweleza baadaye kwamba vifupa vidogo vya ndani ya sikio vilikuwa vimekakamaa, lakini mfupa wa kichwa ulikuwa bado unapeleka sauti vizuri. Siku ile hatukujua lolote la daktari. Tulijua tu kwamba mzee wa miaka sitini na kitu anarukaruka kidogo kwa miguu yote miwili mbele ya boneti, bisibisi imebanwa kichwani, akinifanyia ishara kwa vidole nizungushe skrubu: kidogo, kidogo, rudi, hapo. Watu hawakuelewa kinachoendelea, wakapiga makofi tena.

Injini ilipotulia ilikuwa na sauti moja. Hata mimi niliyedhani namrekebishia nilisikia kwamba sijawahi kuifikisha pale.

Kisha zamu yetu ikafika. Niliruhusiwa kukaa pembeni mwa dereva, na nilijuta kabla ya kona ya kwanza. Truphena alikuwa amevua viatu. Bendera iliposhuka gari lilichimba vumbi, likaruka, na kichwa changu kikabaki nyuma kwa muda kabla ya kunifuata. Kona ya kwanza aliiingia akiwa ameelekeza pua ya gari kusikohusika kabisa, na nilipofungua mdomo kumwambia hivyo, nyuma ikateleza ikakaa sawa na tukawa tunapanda. Gia ya pili, ya tatu, ya pili. Mawe yalipiga chini kama mvua ya juu ya mabati. Nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono yote miwili, nacheka, napiga kelele, na yeye alikuwa anaimba. Nawaapia. Wimbo wa kwaya, sauti ya tatu, bila pumzi kumkatika. Tulipita bendera ya juu tukaendelea, kwa sababu breki zilikuwa zimechemka, tukaingia shamba la maharagwe, tukasimama taratibu kabisa mbele ya mama aliyekuwa akipalilia. Truphena akamwamkia. Mama akaitikia, akauliza kama tumepotea.

Tulikuwa wa tatu katika kundi letu. Waliotushinda walikuwa na magurudumu mapya na bima. Bwana aliyeshika kitabu aliandika jina la dereva akianza na Bwana, na Truphena akasimama mbele yake kwa utulivu wa mwalimu wa darasa la tatu mpaka akalifuta.

Mzee Gakuo alikuwa anatungoja chini. Watu wa Shauri Moyo walikuwa wamemzunguka, na nikamsikia akiwaeleza kwa sauti ya kawaida kwamba sikio lake limeharibika tangu mwezi wa tatu, kwamba kazi zao nyingi za karibuni zilimalizwa na Wekesa, na kwamba kuanzia Jumatatu wataona jina langu likiandikwa kando ya lake. Alisema hayo bila huzuni, kama anayetangaza bei ya matairi. Mwokaji mikate alimwuliza kwa nini basi gari limepanda vile. Mzee akaonyesha bisibisi.

Kisha akanivuta kando. Nilijua spana inaenda kuoshwa.

Haikuoshwa. Aliniambia kwamba nikiona tena anakosea, nimwambie hapo hapo, hata kama rais amesimama pembeni. Nikaahidi. Halafu akasitasita, akakuna kidevu, akawa kama mtu mwenye haya.

"Wekesa," akasema, "nimetengeneza magari ya mbio tangu ujana wangu. Hakuna mwenye gari aliyewahi kunipandisha likiwa limekaa sawa. Walinishukuru, wakaenda."

Mashindano yalikuwa yamekwisha, kilima kilikuwa wazi. Nilimfungulia mlango. Alikaa mbele, akakusanya ovaroli yake magotini, Truphena akawasha. Mimi nilibaki chini na watu. Nilisikiliza injini ikienda, kona ya kwanza, ya pili, sauti moja isiyo na doa, na juu ya sauti hiyo, nyingine nyembamba ya mtu mzima anayepiga vigelegele kama mwanamke harusini. Ikafika juu. Ikazimika. Tukangoja. Hawakurudi, nikapanda kwa miguu nikiwa na wasiwasi wa breki.

Niliwakuta kando ya lile shamba la maharagwe. Truphena alikuwa ameegemea usukani, anacheka mpaka machozi. Mzee alikuwa bado kitini, vumbi limempaka uso wote isipokuwa meno.

"Tena," akaniambia.

Tuliteremka tukapanda tena. Safari hii nilikaa nyuma. Tulipanda mara ya tatu, na ya nne, na tulipofika juu mara ya tano petroli ikaisha. Basi tukaligeuza gari, tukalisukuma kidogo, tukaruka ndani, likateremka lenyewe injini ikiwa imezimwa. Nyinyi msijaribu hivyo, breki huwa nzito kama kukanyaga ukuta, na Truphena alilishika gari kwa breki ya mkono karibu njia nzima. Lakini ilikuwa jioni nzuri, madirisha yote wazi, na Mzee Gakuo alikuwa ametoa mkono nje, kiganja kimefunguka, akiupitisha kwenye upepo juu na chini, juu na chini, mpaka tukasimama chini katikati ya watu wetu.